Uliza Nahodha: Boti ya Texas, maji ya Kilifi

Barua tatu za mwezi huu zote ni za sitaha. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana mwenyewe yuko mbioni kutoa pesa, na pesa ikishaganda kwenye faiba haitoki tena.

SWALI: Shikamoo Nahodha. Nimeweka akiba miaka sita nijengewe boti ya faiba ya futi 23. Siku za kazi tunavua mimi na mdogo wangu ndani ya hori la Kilifi kwa rodi, tunarusha chambo bandia kutafuta kolekole na mzia. Jumamosi na Jumapili nataka kuchukua wageni wawili wawili, tutoke nje ya mwamba kurambaza nguru, yaani kuburuta chambo nyuma ya boti inayotembea. Binamu yangu aliyeko Houston amenitumia picha za boti za kwao wanazoziita za ghuba: usukani katikati, sitaha ya mbele na ya nyuma zimeinuliwa kama jukwaa, matangi mawili ya chambo hai, na mota ndogo ya umeme puani. Fundi wangu anasema anaweza kuiga kila kitu. Niige?
Msomaji, Kilifi

JIBU: Marahaba mwanangu. Fundi simlaumu, kazi yake ni kusema anaweza. Kazi yako wewe ni kumwambia utakuwa umesimama wapi samaki akila.

Boti hizo nimezipanda. Binti yangu aliwahi kukaa Corpus Christi, kule kule Texas, nikaenda kumtazama mjukuu, na mkwe wangu akaona aibu kumweka baharia mzee ndani mbele ya televisheni. Alinitoa kama mara sita kwenda Laguna Madre. Ni maji marefu membamba kati ya bara na kisiwa cha Padre, na kina chake kwa wastani ni kama mita moja. Mita moja tu, mwanangu, kwa maili na maili. Chini ni majani ya bahari, na juu yake samaki anachimba akiwa ameinamisha kichwa, mkia umechomoza hewani. Wanamwinda mmoja wa rangi ya shaba mwenye doa jeusi karibu na mkia, wenyewe wanamwita red drum. Ukitaka kumwona kabla hajakuona, sharti uwe juu, miwani ya kukata mwako usoni. Kwa hiyo lile jukwaa la mbele ni ulingo, sawa na ule wa shambani wa kuamia ndege. Mtu anapanda juu anatazama, akimwona anarusha.

Sasa jiulize: ndani ya hori lako, samaki unamwona kwa macho au unampigia ramli? Mimi nilivyovua Kilifi, kolekole nimemjua kwa vidagaa vinavyoruka, kwa membe wanavyopiga mbizi, na kwa mvuto wa mshipi. Mkia wake sikuwahi kuuona. Basi ulingo wa nini?

Na kuna habari ya maji yenyewe. Kwenye ghuba za Texas maji yakijaa na kupwa tofauti yake haifiki mita moja, siku nyingi hata nusu mita hakuna. Ndiyo maana kamota ka umeme puani kanatosha kuishikilia boti mahali pamoja huku mtu anarusha. Kwako wewe, siku za bamvua, maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na hori lote zima lazima lipite kwenye mdomo mmoja. Kamota kale katalia kama mbu, na boti itakwenda kinyumenyume mpaka Mnarani. Halafu kanataka betri zake, na betri ni uzito, na uzito wenyewe uko puani. Pesa hiyo nunua amari ndefu, kamba ya nanga, na nanga ya pili.

Jambo la ukingo ndilo hasa lililonifanya nikae nikuandikie. Kila sentimita unayoinua sakafu umeipunguza kwenye ukingo. Boti ya futi 23 ya mafundi wetu, kutoka sakafuni hadi juu ya ukingo, huwa na kama sentimita 65. Ukisimama chini, ukingo unakugusa katikati ya paja, na hapo hata wimbi likikusukuma unaegemea tu. Ukiinua sitaha sentimita 45 kama ya binamu, unabaki na 20, yaani juu kidogo ya kifundo cha mguu. Ukingo wa namna hiyo haumzuii mtu kuanguka. Unamkwaza ndipo aanguke vizuri.

Nina ushahidi wangu. Zamani nikiendesha boti ya mtu yenye sitaha ya mbele iliyoinuliwa, nilikuwa natoka na mgeni mmoja, mzoefu kabisa, rodi zake mwenyewe, saa mbili asubuhi, mwezi wa saba. Maji yalikuwa yanapwa kwa nguvu yanatoka mlangoni, na wimbi la kusi linaingia. Mtu wa Kilifi hahitaji kuelezwa: mkondo ukikutana na wimbi uso kwa uso, wimbi linasimama wima kama ukuta wa kiambaza. Pembeni tukaona samaki wanapasua maji. Mgeni akaruka juu ya sitaha ya mbele na rodi yake. Nikamwambia ashuke, akaniambia mara moja tu, anarusha mara moja. Wimbi la kwanza tukalipanda, la pili tukalipanda. La tatu pua ikapanda ikadondoka ghafla, na yule bwana akabaki hewani nukta moja, miguu haina kitu chini yake. Sitaha ikarudi juu ikamkuta anashuka. Akaangukia ubavu juu ya nanga, na unazijua nanga zetu za nondo zenye kucha nne. Mbavu mbili. Kama angeangukia upande wa pili angekwenda majini, nami nisingekuwa na nafasi ya kugeuza boti mahali pale. Kosa lilikuwa langu, nahodha ni mimi. Lakini sitaha ile ilimwita apande. Pakiwepo jukwaa mgeni atalipanda, hata uandike bango.

Haya, sasa boti yako. Unavua namna mbili: kurusha ndani na kurambaza nje. Ya ndani inataka nafasi mbele na anga wazi juu ya kichwa. Ya nje inataka nyuma patupu na pa chini. Anzia nyuma, maana wageni ndio watakaolipa deni.

Nguru akila, mwenye rodi anasogea hadi pembe ya nyuma, na samaki ataizunguka boti apendavyo. Mshipi utapita juu ya mashine, au chini ya mashine Mungu akipenda kukujaribu. Mgeni lazima aweze kuinama juu ya ukingo na kuutoa mshipi kwenye propela bila kushikwa mkanda na mtu. Kwa hiyo nyuma usiinue hata kidogo. Mwambie fundi akupe sakafu sawa hadi kwenye ubao unaobeba mashine, na benchi la mbao linalokunjwa au kung'olewa. Vishikio vya rodi viwe vinne: viwili vya pembeni vielekee nje ili mishipi isipandane, viwili vya nyuma visimame wima zaidi. Gafu, ile ndoano ya mpini ya kumpandishia samaki, iwe na mahali pake chini ya ukingo wa kulia, si sakafuni, wala si popote utakapoikuta. Samaki wa kilo kumi amefika ubavuni, nawe unauliza gafu iko wapi, huyo ameshaondoka.

Usukani katikati, hapo nakubaliana na Texas mia kwa mia. Mtu mwenye samaki anazunguka boti nzima bila kupanda kitu. Ila njia ya kila upande isipungue sentimita 45. Wewe ni kijana mwembamba pengine, lakini mgeni wako amekula vizuri miaka hamsini. Meza ya usukani irudishwe nyuma kidogo ya katikati, ambako boti haigongi sana. Betri na tangi la mafuta viwe chini yake au mbele yake kidogo, visirundikwe nyuma pamoja na mashine. Mbele ya meza weka sanduku la barafu, ambalo ni kiti pia. Barafu na samaki wakikaa hapo wanaisawazisha boti, na wewe huna haja ya kumwambia mgeni mnene ahamie mbele.

Sitaha ya mbele inua sentimita 15, ukizidi sana 20. Hapo chini utapata ghala la kamba na maboya ya kujiokolea, na ukingo unabaki magotini. Katikati yake mwombe fundi aache tundu la kuchomeka kiegemeo cha bomba la chuma cha pua, kinachofika kiunoni. Ndani ya hori unakichomeka unaegemea paja, mikono yote miwili iko huru kurusha. Ukitoka nje unakichomoa na hakuna anayekwenda mbele. Nanga ikae ndani ya kisanduku chake chenye mfuniko ulio sawa na sakafu. Vifungio vya kamba viwe vya kulala, visichomoze, kwa sababu mshipi una tabia ya kutafuta kitu pekee kilichochomoza kwenye boti nzima.

Matangi ya chambo hai usiweke mawili. Lita 80 za maji ya bahari ni zaidi ya kilo 80, mtu mzima huyo asiyelipa nauli. Weka moja, la mviringo, nyuma ya kiti cha usukani, katikati kabisa. Tangi lenye pembe linaua vibua: kibua anaingia kwenye kona, anagonga pua mpaka anakufa. Na lijazwe hadi kwenye mfuniko, kwani maji ya nusu tangi yanakimbilia upande ule ule boti inakolalia, yanaiongezea kulala.

Wazee walisema tezi na omo, marejeo ni ngamani. Maji yote ya sitahani nayo ni vivyo hivyo, yakikosa pa kutokea yatarudi ngamani, chini kabisa ndani ya chombo. Wakati mmoja nilibadilisha mashine ya stroki mbili nikafunga ya stroki nne, nzito zaidi. Sikufikiria kitu. Nikalala juu ya boti Takaungu, na kabla ya alfajiri nikaota nimechovya miguu baharini. Haikuwa ndoto. Matundu ya kutolea maji, yaliyokuwa vidole vitatu juu ya bahari, yalikuwa yamezama, maji yanaingia kwa adabu, polepole, kama mgeni anayejua nyumba. Kwa hiyo kabla hujamlipa fundi fungu la mwisho, pakia mashine, mafuta, magunia ya mchanga badala ya barafu, watu wanne, tia nanga, mkae saa nzima nyuma. Matundu yakigusa maji, sakafu iko chini mno. Mwambie hapo hapo, pesa ikiwa bado mfukoni mwako.

Na kabla hata hajakoroga resini, fanya jambo lisilo na gharama. Maji yakipwa, nenda ufukweni na mdogo wako na kamba ya manila. Lazeni kamba kwenye mchanga kwa umbo la boti, futi 23 kwa upana wenu. Meza ya usukani ni kreti mbili za soda, sanduku la barafu ni ndoo, mashine ni mtu mmoja amechuchumaa. Simameni ndani na rodi zenu, rusheni kweli kweli. Mimi nilifanya hivyo na kijana wangu, tukiwa na mchoro ambao tuliuona hauna dosari. Dakika ya tano rodi yangu ilichukua kofia yake. Tukaisogeza meza nyuma hatua moja, mchangani, kwa mguu. Kwenye faiba hatua ile ingekuwa msumeno na kilio.

Mwisho wa jibu lako: umeandika hori la Kilifi tu, lakini najua vijana wakipata boti wanaiangalia Mida. Mida iko ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu. Ongea na BMU yenu, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe, na watu wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kwanza.

SWALI: Nahodha, sisi ni watatu, tunavua kwa mshipi wa mkono, changu na chewa, huku Mafia. Tumenunua boti kuukuu ya hoteli. Nyuma ina sitaha ya juu ya kurushia rodi. Hatuna rodi. Inatula nafasi ya kukaa, na nailoni inanasa kila mahali. Tuikate?
Wavuvi watatu, Kilindoni

JIBU: Wekeni msumeno chini kwanza, ndugu zangu. Sitaha ya nyuma mara nyingi ndiyo inayoushikilia ubao wa mashine usinepe, na chini yake huenda kuna povu la kuifanya boti ielee ikijaa maji. Ukiikata bila kujua, mtapata nafasi ya kukaa na mtapoteza boti. Toboeni tundu dogo mtazame. Mkikuta povu au mataruma, mbavu za chombo, iacheni ilivyo, zibeni tundu kwa resini siku hiyo hiyo.

Mvuvi wa mshipi hasimami, anakaa, na raha yake ni miguu miwili sakafuni na ukingo kwenye kwapa. Kwa hiyo hamieni katikati na mbele. Pigeni mabenchi mawili ya mbao ya kukaa ubavuni, kimo cha goti, mmoja akae kulia, mmoja kushoto, wa tatu mbele, msitupe wote upande mmoja. Ile sitaha ya nyuma ifanyeni meza ya kukatia chambo na mahali pa kufunga sanduku la barafu kwa kamba, lifunikwe gunia lililoloweshwa. Hoteli iliwajengea jiko bila kujua.

Nailoni kunasa ni kosa la sakafu, si la sitaha. Kila mmoja awe na beseni lake la plastiki, lile la kufulia, katikati ya miguu. Ukivuta mshipi unaushusha ndani ya beseni, pindi juu ya pindi, na ukiuachia tena unatoka kwa mpangilio ule ule. Sakafuni pasibaki kitu kinachoitwa mshipi. Ukingo nao ukaguliwe kwa kiganja, pole pole, urefu wote. Boti za hoteli zina vishikio vya rodi vya chuma na reli zenye makali, na chewa akishuka mwambani mshipi unasagwa pale pale. Ng'oeni vyote msivyotumia, zibeni matundu, kisha juu ya ukingo lazeni ubao wa mviringo uliopigwa msasa. Baada ya mwezi utauona umechimbika mfereji mwembamba mahali pa kila mmoja wenu. Mfereji huo msiuzibe, ndio utakaowaonyesha kila mtu anakaa wapi.

SWALI: Salamu kutoka Maskati, Nahodha. Nina boti ya faiba ya wazi, futi 25, tunakwenda jodari. Jua la huku unalijua. Nataka kuweka paa la faiba juu ya usukani lenye vishikio vya rodi sita juu yake. Wenzangu wanasema nitajuta. Wewe wasemaje?
Mzaliwa wa Unguja, Maskati

JIBU: Paa utalishukuru, vishikio sita utavijuta. Rodi sita na rili zake nzito juu ya kichwa ni uzito ulio mbali na mkuku, uti wa chini wa chombo, na boti ya wazi yenye ubavu mfupi italala zaidi kila wimbi la ubavuni. Weka vitatu, na wakati wa kutembea rodi nzito zishushwe chini.

Kama mnarusha chambo kwenye kundi la jodari, paa liishie juu ya meza ya usukani, lisivuke kwenda mbele. Mwenye kurusha apate anga lake. Nguzo zifungwe sakafuni kwenye bamba la chuma lililozikwa ndani ya faiba, zisiishie kwenye skrubu za mbao, maana watu wote watazishika boti ikiruka. Na kimo chake mpime mrefu kuliko wote akiwa amevaa kofia, halafu ongeza vidole vinne. Mie nilijipima mwenyewe peke yangu, na baharia wangu wa wakati ule, mtu wa Pate mwenye futi sita na zaidi, alitembea msimu mzima shingo upande.